SINDANO YA KUZUIA KUTAPIKA: TUIJUE KABLA YA KUIOMBA

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kutapika nako ni wingu. Mvua yenyewe ni ugonjwa uliojificha nyuma yake. Lakini hapa kwetu Galu, na hapana shaka ni vivyo hivyo Ukunda, Kinondo hadi Msambweni, mtu akianza kutapika tu, neno la kwanza kutamkwa ni "sindano". Mtoto katapika mara mbili, apelekwe akadungwe. Baba karudi kutoka baharini moyo umemchafuka, akadungwe. Mwanafunzi kashikwa na kigegezi darasani, naye aomba ruhusa aende akadungwe. Ukipewa tembe wasema umedharauliwa. Ukipewa maji ya chumvi na sukari, wasema hukutibiwa kabisa!

Msomaji mpendwa, makala haya hayakuja kuitukana sindano. Sindano ina kazi yake na ina heshima yake. Nia yangu ni kueleza sindano hiyo ni kitu gani, hufanyaje kazi, hufaa lini, na ni kwa nini sisi vijana, kuliko hata wazee wetu, yatupasa kuijua kabla ya kuiomba.

KWA NINI TUNAIPENDA SINDANO?

Mapenzi haya hayakuanza jana. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipotibu ugonjwa wa buba kwa sindano hapa Kenya, watu walioteseka na vidonda kwa miaka na mikaka waliviona vikikauka kwa siku chache tu. Baadaye ikaja penisilini, nayo ikafanya maajabu yake. Basi sifa za sindano zikaenea kijiji hadi kijiji, na babu akamrithisha mjukuu imani kwamba dawa ya kweli ni ile inayouma.

Je, imani hiyo ni sahihi kwa kutapika? Ili tupate jawabu, hebu kwanza tuone mtu hutapikaje.

AMRI HUTOKA KICHWANI

Wengi hudhani kutapika ni kazi ya tumbo peke yake. La hasha! Amri hutoka kichwani. Chini ya ubongo, upande wa kisogo, kuna sehemu inayosimamia kutapika. Tuifananishe na chifu aliyeketi afisini mwake. Habari humfikia kupitia milango minne.

Mlango wa kwanza ni damu. Karibu na chifu huyu pana mahali ambapo damu huonjwa kila wakati. Sumu ikiingia, au dawa kali, au pombe, habari hupelekwa mara moja.

Mlango wa pili ni tumbo na matumbo. Chakula kilichooza au vijidudu vikiudhi utumbo, utumbo humwaga kemikali iitwayo serotonini, na mshipa wa fahamu hupeleka ujumbe juu.

Mlango wa tatu ni sikio la ndani, ambalo ndilo hupima mizani ya mwili. Ukiwa ndani ya mashua au ndani ya matatu iendayo kasi, macho yasema umeketi ilhali sikio lasema unayumba. Ubishi huo ndio unaomlevya mtu baharini.

Mlango wa nne ni ubongo wa juu, yaani harufu, macho, woga na mawazo. Ndiyo sababu mwingine hutapika asubuhi ya mtihani ilhali hana ugonjwa wowote.

Chifu akikata shauri, mate hujaa mdomoni, misuli ya tumbo hujibana kwa nguvu, na kilichomo hurudi juu. Kwa hiyo kutapika si adui. Aghalabu ni askari wa mwili anayemfukuza mwizi. Taabu huja askari huyo anapokataa kuacha kupiga kelele hata baada ya mwizi kuondoka, au anapomwaga maji yote ya mwili njiani.

DAWA ZENYEWE

Watu husema "sindano ya kutapika" kana kwamba ni moja. Ziko kadhaa, na kila moja huziba mlango wake.

Inayojulikana sana ni metoklopramidi, ambayo wengi huiita Plasil. Hii huziba hasa ule mlango wa damu kwa kuizuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na tena hulifanya tumbo limwage chakula chini upesi. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 10. Ikitiwa kwenye mshipa wa damu huanza kazi kwa dakika 1 hadi 3. Ikidungwa kwenye msuli, dakika 10 hadi 15. Ikimezwa kama tembe, dakika 30 hadi 60. Hapo ndipo siri yote ya sindano ilipo. Dawa ni ile ile, nguvu ni zile zile! Tofauti ni kwamba sindano hufika upesi na haiwezi kutapikwa.

Ya pili ni ondansetroni, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1991. Hiyo huizuia serotonini, kwa hivyo huziba mlango wa tumbo. Huweza kuleta maumivu ya kichwa na kufunga choo, na ikizidishwa huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ya tatu ni promethazini, ambayo husaidia mlango wa sikio na pia humlaza mtu usingizi. Dawa hii ni kali kwa nyama ya mwili. Ikidungwa juu juu chini ya ngozi, au ikiingia kwenye ateri, nyama huweza kuoza. Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 Marekani iliamuru onyo kali liandikwe juu yake.

Waona basi, msomaji, kwamba anayeomba "sindano ya kutapika" bila kusema ni nini kinachomtapisha ni kama mtu anayeomba ufunguo bila kusema ni wa mlango upi. Mvuvi aliyelewa na bahari hatafaidika sana na ondansetroni, kwa maana taabu yake imo sikioni, wala haimo tumboni.

INAPOFAA

Kuna watu ambao kwao sindano hii ni neema. Mgonjwa wa saratani anapotiwa dawa kali za kuua uvimbe, hutapika kiasi cha kutaka kuacha matibabu. Ondansetroni imewapa wengi kama hao nguvu ya kuendelea. Mtu aliyetoka kupasuliwa, tumbo likiwa na nyuzi, hafai kuachwa akitapika ovyo. Mama mjamzito ambaye hawezi kuweka hata tone la maji tumboni, akakonda na kukosa mkojo, anastahili kulazwa, atiwe maji ya mshipa na dawa iliyochaguliwa na daktari. Hata mtoto anayeharisha na kutapika, daktari anaweza kuamua kumpa ondansetroni mara moja ili aweze kunywa maji yake.

Katika hali zote hizo, kuna mtu aliyekwisha kujiuliza: huyu anatapika kwa nini? Kisha ndipo akachukua bomba la sindano.

INAPODANGANYA

Sasa tuangalie upande wa pili, maana huku ndiko watu wanakopotelea.

Malaria. Kwetu Kwale malaria ni mwenyeji. Mtoto mwenye malaria kali hutapika kila tembe. Akipelekwa dukani akadungwa dawa ya kuzuia kutapika tu, atatulia, atalala, na wenyewe watasema "alhamdulillahi, amepata nafuu." Kumbe vimelea vinaendelea kuila damu! Mtoto kama huyo anahitaji kupimwa na, malaria ikiwa kali, kudungwa sindano ya kuiua malaria yenyewe. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza atesuneti ya sindano kwa malaria kali ya wakubwa na wadogo. Basi sindano anaihitaji kweli, lakini si ile iliyoombwa.

Homa ya dengi. Ugonjwa huu uliwahi kuzuka Mombasa mwaka 2013. Homa ikianza kushuka huku mgonjwa anatapika bila kukoma na tumbo linamuuma, hiyo ni ishara ya hatari. Ukikinyamazisha kitapiko, umeinyamazisha ishara.

Kipindupindu na kuharisha. Hapa kinachoua ni ukosefu wa maji mwilini. Shirika la Afya Duniani halipendekezi dawa za kuzuia kutapika kwa kipindupindu, kwa kuwa dawa iliyopo ni maji. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika mpakani mwa India, daktari mmoja aitwaye Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mshipa. Akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, hata wale waliokuwa wakitapika. Vifo vikashuka kutoka watu 30 hivi kwa kila 100 hadi chini ya 4. Hakuwa na miujiza. Alikuwa na mapipa, chumvi, sukari na subira.

Sumu. Sisi watu wa pwani tunawajua bunju na kasa. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Dawa ya kuzuia kutapika haiiondoi sumu kama hiyo mwilini. Aliyekula kitu cha namna hiyo akimbizwe hospitali, na aseme wazi amekula nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mimba. Msichana au mama asidungwe dawa yoyote kabla ya kusema kama ana mimba au anadhani anayo. Dunia ililipa gharama kubwa kwa somo hili. Kati ya mwaka 1957 na 1961, tembe za thalidomaidi ziliuzwa katika nchi nyingi, nao wajawazito wakazimeza kupunguza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo vyenye kasoro, wengine bila mikono. Ziko dawa zilizo salama kwa wajawazito, lakini ni za kuchaguliwa na mtaalamu anayejua hali yako, si za kubahatisha.

Kidole tumbo. Maumivu yakianzia kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, na mtu akatapika, huenda anahitaji kupasuliwa. Kila saa anayopotezewa kwa kudungwa hapa na pale ni saa ya hatari.

SHINGO IKIPINDA, SI PEPO

Sasa wanafunzi wenzangu, tegeni masikio, maana hili latuhusu sisi hasa.

Metoklopramidi, ikiizuia dopamini kule kwenye mlango wa damu, huweza pia kuizuia mahali pengine ubongoni ambapo misuli huongozwa. Hapo misuli hukosa mwongozo na kujikaza yenyewe. Kwa vipimo vya kawaida vya watu wazima, hali hiyo humpata kama mtu 1 kati ya 500. Lakini huwapata zaidi watoto na vijana wa chini ya miaka 30. Yaani mimi na wewe! Aghalabu hutokea ndani ya siku 1 au 2 baada ya dawa.

Dalili zake zinatisha. Shingo hupinda upande mmoja au kurudi nyuma. Macho huvutwa juu yakabaki huko. Taya hukazika, ulimi hutoka nje au hugeuka mzito, maneno hayaeleweki. Mgongo huweza kujipinda kama upinde. Na la ajabu ni kwamba mgonjwa yu macho, anasikia na anaelewa kila kitu, ila mwili umemwasi.

Tuseme jambo hili limetokea usiku nyumbani, au kwenye bweni la wasichana. Watu watasema nini? Mmoja atasema "ana degedege". Wa pili atasema "ni pepopunda hiyo". Wa tatu, na wa tatu hakosekani, atasema "huyu ana pepo, kwenu wamechezewa." Hapo ubani utafukizwa, kuku atatafutwa, na binti wa watu atapita usiku mzima wa mateso huku akisikia kila linalosemwa juu yake. Kesho shuleni ataitwa mwenye mashetani. Jina hilo halitamtoka hadi amalize kidato cha nne.

Ilhali tiba ipo! Hospitalini kuna dawa za kuifungua misuli hiyo, na zikitiwa kwenye mshipa mgonjwa hulegea kwa dakika chache tu. Kwa hiyo ukimwona mwenzako katika hali hiyo, swali la kwanza liwe: "Amepewa dawa gani tangu jana?" Chukua karatasi, pakiti au kijichupa cha dawa, mpelekeni hospitali iliyo karibu, iwe Diani au Msambweni, na mseme waziwazi: "Alidungwa sindano ya kutapika." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ubani wa duka zima. Baada ya hapo jina la dawa hiyo liandikwe kwenye daftari lake la hospitali ili asipewe tena.

Kwa sababu ya hatari kama hizi, mwaka 2013 shirika la Ulaya linalosimamia dawa liliweka mipaka: metoklopramidi isipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, isiwe dawa ya kwanza kwa walio chini ya miaka 18, na isitumiwe zaidi ya siku 5. Na ikitiwa kwenye mshipa, itiwe polepole, kwa dakika 3 hivi, si kwa pupa.

NA SINDANO YENYEWE?

Mbali na dawa, kuna chuma kinachoibeba. Bomba la sindano lililotumiwa kwa mwingine huweza kuleta ukimwi na homa ya ini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 peke yake watu kama 260,000 duniani waliambukizwa virusi vya ukimwi kwa sindano zisizo safi. Isitoshe, anayedunga takoni bila kujua mahali pake huweza kuugonga mshipa wa fahamu na kumwacha mtu akichechemea. Kwa hiyo daima hakikisha bomba limetolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Kuuliza si utovu wa adabu. Sema kwa heshima, "Samahani sista, naomba kuona pakiti, na dawa hii yaitwaje?" Muuguzi mwema hatakasirika.

TUFANYE NINI BASI?

Jambo la kwanza ni maji. Nunua pakiti ya chumvi ya kuharisha na uichanganye kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kujaa pomoni.

Na hapa ndipo wengi hushindwa. Hebu sikiliza mazungumzo haya ambayo huenda umeyasikia zahanati:

"Mama, mtoto amekunywa nini tangu asubuhi?"

"Hakuna, mwanangu. Kila akinywa anarudisha. Mdunge sindano tu."

"Ulimpa kiasi gani?"

"Kikombe kizima. Alikuwa na kiu."

Kikombe kizima kwa tumbo lililokasirika ni ugomvi! Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko, kimoja kimoja, kila baada ya dakika moja au mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Hata akitapika tena, si yote yanayotoka. Mengine yamekwisha kuingia mwilini. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na anayeharisha apewe pia zinki kama atakavyoelekezwa zahanati.

Jambo la pili, kwa kigegezi chepesi kuna njia za nyumbani. Tangawizi huwasaidia baadhi ya wajawazito. Aendaye baharini atazame mbali kwenye upeo wa macho, asitazame chini ndani ya mashua. Na kama anameza tembe ya safari, aimeze kabla ya kung'oa nanga. Katika matatu ya kwenda Likoni kaa mbele na ufunge kitabu. Na aliyelewa mnazi akawa anatapika alazwe kwa ubavu, asilazwe chali, asije akapaliwa.

Jambo la tatu, zijue ishara za kukimbilia hospitali bila kungoja: matapishi yenye damu au ya kijani kibichi, shingo kukazika pamoja na homa na kichwa kuuma, maumivu makali ya tumbo, kutapika baada ya kugongwa kichwani, kupitisha nusu siku bila mkojo, macho kuingia ndani, mtoto kulia bila machozi, kuchanganyikiwa au kuzirai, na mtu wa kisukari au mjamzito asiyeweza kuweka chochote tumboni.

Jambo la nne, kabla ya kudungwa uliza maswali matatu: Natapika kwa nini? Dawa hii yaitwaje? Nikiona jambo lisilo la kawaida, nirudi wapi? Na wewe nawe useme umri wako, dawa unazotumia, na kama una mimba.

Walimu wetu wapendwa, ningeomba ishara hizi zibandikwe ukutani penye sanduku la huduma ya kwanza, na matroni wa bweni aambiwe juu ya shingo inayopinda. Nanyi wanafunzi wenzangu, mnaporudi nyumbani Galu, Kinondo, Ukunda na Msambweni, waelezeni mama na nyanya kwa upole. Msiwaambie kwamba sindano ni mbaya, maana si kweli, wala hawatawasikiliza. Waambieni kwamba mtoto anahitaji maji kwanza, kipimo pili, na sindano ikiwa mwenye kujua ameona haja. Na siku shingo ya jirani ikipinda, kabla ubani haujawashwa, ulizeni alidungwa nini.